Sayansi ni Nini, na Tuitegemee kwa Kiasi Gani?



Siku hizi neno "sayansi" limekuwa kama chumvi. Limo katika kila chungu. Tangazo la sabuni husema sabuni hiyo imethibitishwa kisayansi. Muuza dawa wa stendi ya mabasi, mwenye kipaza sauti, husema chupa yake moja inaponya magonjwa arobaini, tena kwa sayansi. Ujumbe huingia katika simu zetu ukianza na maneno "Wanasayansi wamegundua," bila kutaja hata jina la mwanasayansi mmoja. Lakini mwuguzi wa zahanati akituhimiza tupeleke watoto kwenye chanjo, wapo kati yetu wanaotikisa kichwa na kusema, "Hawa wataalamu leo husema hili, kesho lile. Tumwamini nani?"

Swali hilo si la kudharauliwa. Mtu asiyeuliza hununua kila kitu, na mtu anayekataa kila kitu hulala na homa huku dawa iko jirani. Basi katika somo hili tutajaribu kueleza sayansi ni nini hasa, na kwa sababu gani inastahili kutegemewa, na inategemewa mpaka wapi.

Kabla ya kuanza tuseme jambo moja. Tukitumia neno "kuamini" hapa hatuna maana ya imani tunayoikiri kanisani. Tuna maana ile ya kila siku, kama vile mtu anavyomwamini fundi cherehani wake au mizani ya dukani.

1. SAYANSI NI NJIA

Wengi wetu tuliosoma zamani tulizoea kufikiri kwamba sayansi ni rundo la mambo ya kukariri: sehemu za ua, majina ya mifupa, sheria za Newton. Hayo ni matunda ya sayansi, lakini si sayansi yenyewe, kama vile embe si mwembe. Sayansi yenyewe ni njia ya kutafuta ukweli wa mambo yanayoweza kuonekana, kupimwa au kuhesabiwa. Njia hiyo ina hatua tano.

Hatua ya kwanza ni kuona jambo na kulitazama vizuri. Ya pili ni kuuliza: kwa nini liko hivi? Ya tatu ni kutoa dhana, yaani jibu la kukisia. Ya nne ni kuijaribu dhana hiyo kwa jaribio ambalo linaweza kuionyesha kuwa ni ya uongo. Ya tano ni kuweka kazi yote wazi mbele ya watu wengine, pamoja na vipimo vyake, ili nao wajaribu na kutafuta kasoro.

Hatua hii ya tano ndiyo inayosahauliwa sana, na ndiyo iliyo nguzo ya nyumba. Tufikirie mwuza sukari. Akituambia "Hii ni kilo moja," hatumwamini kwa sababu ya upole wa uso wake. Tunamwamini kwa sababu mizani iko juu ya meza, sote tunaiona, na watu wa vipimo hupita kuikagua. Tena tukiwa na shaka, tunaweza kuuchukua mfuko ule ule tukaupime katika duka la pili. Mwuza sukari anaweza kuwa mtu mwema au mjanja, lakini mizani iliyo wazi humlinda mnunuzi kwa yote mawili.

Sayansi ni mizani ya namna hiyo. Mwanasayansi ni mwanadamu kama sisi. Ana haraka, ana kiburi, ana haja ya fedha. Lakini kazi yake hupimwa tena na watu wengine, na wengi wao wangefurahi kumwona amekosea.

2. KIJANA WA MAGAMBA

Mfano mzuri wa jambo hili hautoki mbali. Mwaka 1963 kijana aitwaye Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, wilaya ya Lushoto. Vijana wa shule hiyo walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Walichemsha maziwa, wakayatia sukari, wakayaacha yapoe, kisha wakayaweka katika jokofu yagande. Nafasi ilikuwa haba na vijana walikuwa wengi. Siku moja Mpemba, kwa kuogopa kukosa nafasi, aliyaweka maziwa yake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu hivi alikuta maziwa yake yameganda, na ya mwenzake, ambaye hakuyachemsha kabisa, bado ni majimaji mazito.

Akamwuliza mwalimu wa fizikia sababu. Mwalimu akamjibu kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Baadaye, akiwa Shule ya Mkwawa huko Iringa, aliuliza tena. Mwalimu wa huko akasema kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, wala si fizikia ya ulimwengu. Wenzake wakaufanya huo kuwa utani. Kila akikosea hesabu waliiita hesabu ya Mpemba.

Kijana hakununa wala hakunyamaza. Alichukua bilauri mbili za maabara, moja akaitia maji ya bomba na nyingine maji ya moto, akaziweka katika jokofu akaangalia kwa macho yake. Kisha Dk. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, alipofika shuleni kuzungumza na wanafunzi, Mpemba akasimama akamwuliza swali lile lile mbele ya wote. Wanafunzi wengine waliona amewaaibisha. Lakini Dk. Osborne hakumcheka. Alisema hajui jibu, ila akirudi Dar es Salaam atalijaribu.

Na kweli alimwagiza fundi wa maabara afanye jaribio. Fundi alirudi na habari kwamba maji ya moto ndiyo yaliyoganda kwanza, ila akaahidi kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi! Sisi tuliofundisha katika chuo cha ualimu tunamfahamu sana fundi huyo, maana tumewaona ndugu zake wengi. Mwanafunzi anaona pendulo yake inasema hivi, kitabu kinasema vile, naye anaandika ya kitabu. Tulikuwa tukiita jambo hilo kupika matokeo. Anayepika matokeo anaweza kupata alama nzuri, lakini sayansi hakuifanya.

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walitoa makala pamoja katika jarida la kimataifa la walimu wa fizikia. Wakati huo Mpemba alikuwa akisomea uhifadhi wa wanyama pori katika chuo cha Mweka, karibu na Moshi. Tangu hapo jambo lile linaitwa duniani kote kwa jina lake.

Lakini hadithi haikuishia hapo. Wataalamu wengi walijaribu kulieleza. Wengine walisema maji ya moto hupungua kwa mvuke, wengine wakasema ni mzunguko wa maji ndani ya chombo, wengine hewa iliyoyeyuka majini. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kilitoa zawadi ya pauni 1,000 kwa maelezo bora, na majibu zaidi ya 22,000 yakapokelewa. Kisha mwaka 2016 watafiti wawili, Henry Burridge na Paul Linden, wakapima upya kwa uangalifu. Wakasema hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba jambo hilo hutokea katika maji, na kwamba kusogeza kipimajoto kwa sentimeta moja tu kunaweza kubadili matokeo. Watafiti wengine nao hawakukubaliana nao. Mpaka leo mjadala unaendelea.

Je, basi Mpemba ameshindwa? Hasha! Tuangalie vizuri. Walimu wawili wa kwanza walijibu kwa cheo chao. Walijua jibu kabla ya kutazama. Mpemba na Osborne walitazama, wakapima, wakaandika walivyopima. Wale wa mwaka 2016 waliweza kuwapinga kwa sababu kazi yao iliwekwa wazi. Kijana wa kidato cha tatu alikuwa na haki ya kumwuliza daktari wa chuo kikuu, na wengine wana haki ya kumwuliza Mpemba. Hapo ndipo sayansi ilipo.

3. USHUHUDA NA ULINGANISHO

Sasa tutoke kwenye barafu tuje kwenye dawa, maana huko ndiko swali la kuamini linakouma zaidi. Jirani anatuambia, "Nilikunywa mzizi huu, siku ya tano mafua yakaisha." Hasemi uongo. Alikunywa, na mafua yaliisha. Lakini mafua ya kawaida huisha yenyewe katika juma moja hivi, hata kwa mtu aliyekunywa maji matupu. Tena waliokunywa mzizi ule wasipone hawapiti nyumba kwa nyumba kutushuhudia. Kwa hiyo tunasikia upande mmoja tu.

Dawa hiyo hupimwaje? Kwa kulinganisha. Mwaka 1747 daktari wa meli ya kivita ya Uingereza, James Lind, alikuwa na mabaharia wanaougua kiseyeye, ugonjwa uliooza fizi na kuua watu wengi baharini. Kila mtu alikuwa na dawa yake anayoisifu. Lind alichagua wagonjwa 12 waliofanana hali, wakala chakula kimoja na kulala mahali pamoja. Akawagawa wawili wawili. Kundi moja akalipa siki, lingine maji ya bahari, lingine machungwa na malimau, na kadhalika. Wale wawili wa machungwa na malimau walipata nafuu katika siku chache, na mmoja wao akarudi kazini. Wengine hawakupata nafuu kama hiyo.

Siku hizi majaribio ya dawa huhusisha watu wengi zaidi. Wagonjwa hugawanywa kwa kura, ili daktari asiwape dawa mpya wale wenye nguvu peke yao. Mara nyingi mgonjwa na daktari wote hawajui nani amepewa dawa ipi mpaka mwisho, ili matumaini yasipotoshe hesabu. Taratibu hizi zote zimewekwa kwa sababu binadamu hupenda kuona kile anachotamani kukiona. Wanasayansi wanalijua hilo juu ya nafsi zao, ndiyo maana wamejifunga kamba.

Lakini tuongeze neno moja la kweli. Jeshi la majini la Uingereza lilikawia mpaka mwaka 1795 kuagiza maji ya limau kwa mabaharia wake wote, karibu miaka hamsini baada ya Lind. Ushahidi mzuri usiposikilizwa haumponyi mtu.

4. MBONA WANABADILI MANENO?

Hili ndilo lalamiko kubwa tunalolisikia. Tuchukue jambo ambalo sote tunalifahamu, yaani malaria.

Kwa miaka mingi dawa yetu ilikuwa klorokwini. Ilikuwa chungu, na wengi tunakumbuka ilivyowasha mwili, lakini iliokoa watu. Mwaka 2001 Tanzania Bara iliiondoa katika nafasi ya kwanza ikaweka dawa ya SP. Miaka michache tu baadaye, mwaka 2006, dawa ikabadilishwa tena: sasa ni dawa ya mseto. Watu wakanung'unika. "Walitudanganya miaka yote hiyo?"

Hawakutudanganya. Kilichobadilika ni vimelea vya malaria. Klorokwini iliua vimelea dhaifu na kuacha vile vichache vilivyoweza kuistahimili. Hivyo vilivyobaki vikazaa, mpaka vikawa vingi. Wataalamu walilijuaje? Waliwapa wagonjwa dawa, kisha wakapima damu yao siku baada ya siku, wakaona vimelea vinarudi kwa wagonjwa wengi zaidi kuliko zamani. Daktari ambaye angeendelea kutoa klorokwini ili asionekane kigeugeu angekuwa mtu wa msimamo, lakini wagonjwa wake wangekufa. Mkulima anayeona mvua zimechelewa naye hubadili siku ya kupanda, wala hatumwiti mwongo.

Tena dawa hiyo ya mseto ina funzo lingine, hasa kwa wale wanaosema kwamba sayansi inadharau miti ya dawa. Kiungo chake kimoja asili yake ni mmea wa jamii ya pakanga uliotumiwa na Wachina tangu zamani. Mama mmoja mtafiti wa Beijing, Tu Youyou, na wenzake walikusanya maelekezo ya tiba za kienyeji yapatayo 2,000, wakayachuja na kuyajaribu kwa wanyama. Mmea huo ulionyesha nguvu, kisha ukaonekana hauna nguvu. Tu akarudi kusoma maandiko ya kale, akahisi kwamba kuchemsha ndiko kunakoharibu dawa. Mwaka 1971 akaitoa dawa bila moto mkali, nayo ikafanya kazi. Mwaka 1972, kabla ya kuwapa wagonjwa, yeye na wenzake waliijaribu kwanza katika miili yao wenyewe. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel.

Basi sayansi haikuudharau mti ule, wala haikuupokea kwa sababu ni wa kale. Iliupima. Kati ya tiba 2,000 nyingi hazikufaa, na moja imeokoa watu wengi mno, wakiwamo watoto wetu.

5. MWANASAYANSI MMOJA SI SAYANSI

Wapo wanasayansi waliokosea, na wapo waliofanya udanganyifu. Hatuna budi kulisema wazi, maana anayeficha ufa wa ukuta hausaidii ukuta.

Mwezi Februari 1998 daktari wa Uingereza, Andrew Wakefield, pamoja na wenzake, alitoa makala katika jarida mashuhuri la udaktari liitwalo The Lancet. Ilihusu watoto 12 tu. Kutokana nayo, Wakefield aliwatia watu hofu kwamba chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela huenda inaleta usonji kwa watoto. Habari ikaenea kama moto wa nyika. Wazazi wengi wakaacha kuwachanja watoto, na surua ikapata nafasi ya kurudi.

Watafiti wengine wakafanya kile ambacho sayansi inadai: walipima tena. Nchini Denmark walifuatilia watoto zaidi ya 530,000, na mwaka 2002 wakatoa matokeo. Watoto waliochanjwa hawakupata usonji zaidi kuliko wasiochanjwa. Nchi nyingine zilipata jibu hilo hilo. Mwandishi mmoja wa magazeti naye akachimbua, ikajulikana kwamba Wakefield alikuwa amelipwa na mawakili waliokuwa wakitayarisha kesi dhidi ya watengenezaji wa chanjo, na hakuwaeleza wasomaji wake. Mwaka 2010 jarida liliifuta makala ile, na Wakefield akaondolewa katika orodha ya madaktari wa Uingereza.

Miaka 12 ni mingi mno, na watoto waliougua surua katika miaka hiyo hawakurudishiwa afya yao kwa tangazo la kufuta. Lakini tuone nani aliyegundua kosa. Waliogundua ni wale waliopima na kukagua. Kinyume chake, yule muuza dawa wa stendi hajawahi kufuta tangazo lake hata moja, kwa sababu hakuna mahali anapokaguliwa.

Kwa hiyo mtu akituambia "Daktari fulani amesema," tusiishie hapo. Daktari mmoja ni shahidi mmoja. Tuulize, je, wengine waliopima wanasemaje?

6. UAMINIFU HAUAMRISHWI

Inabaki upande wa pili wa somo letu. Hata kama sayansi inastahili kuaminiwa, watu hawaiamini kwa kuamrishwa. Tusikilize habari ya Ali Maow Maalin wa Somalia.

Wazee kati yetu wanaijua ndui, ugonjwa uliochimba nyuso na kupofusha macho, na uliua watu wengi sana. Shirika la Afya Duniani na serikali za nchi nyingi waliifuatia ndui kijiji kwa kijiji kwa chanjo, mpaka mwaka 1977 ikawa imebaki pembe moja tu ya Afrika. Mwezi Oktoba mwaka huo, Maalin, kijana wa miaka 23, alikuwa mpishi katika hospitali ya mji wa Merca. Siku moja alipanda gari pamoja na watoto wawili wenye ndui ili kuwaonyesha njia. Safari ilikuwa ya dakika chache tu. Maalin hakuwa amechanjwa. Alieleza baadaye kwamba aliiogopa chanjo, kwa kuwa ilionekana inauma.

Baada ya siku kumi hivi akashikwa na homa. Kwanza walidhani ni malaria, kisha tetekuwanga, halafu ikajulikana ni ndui. Wataalamu wakawatafuta watu wote aliokutana nao, wakachanja mji mzima, watu zaidi ya 50,000 katika majuma mawili. Maalin akapona, na hakuna aliyeambukizwa naye. Akawa mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida ya kuambukizana. Tarehe 8 Mei 1980 dunia ilitangaziwa kwamba ndui imekwisha.

Lakini Maalin hakuishia kuwa jina la kitabuni. Baadaye alifanya kazi ya kuhimiza chanjo ya polio nchini mwake. Alipokutana na wazazi wanaokataa, hakuwatukana kuwa ni wajinga. Aliwaeleza yaliyompata yeye mwenyewe: kwamba naye aliogopa, kwamba naye alikwepa, na kilichofuata. Wengi walimsikiliza kwa sababu alikuwa mwenzao. Polio iliporudi Somalia mwaka 2013, alirudi tena katika kazi hiyo, na akiwa kazini alishikwa na malaria, akafariki mwezi Julai.

Tunajifunza nini? Mtu anayeogopa sindano si adui wa sayansi. Ana swali, nalo linataka jibu la heshima. Mtaalamu akimkemea mama mbele ya foleni, "Wewe huelewi kitu," mama yule ataondoka, na kesho atamsikiliza muuza dawa anayemwita "mama yangu" na kumpa kiti. Walimu wawili walimcheka Mpemba, na kama asingekuwa mkaidi swali lake lingekufa pale pale.

7. JINSI YA KUPIMA HABARI

Si kila mmoja wetu ana maabara nyumbani, wala si lazima. Lakini kila mmoja anaweza kuuliza maswali haya kabla ya kununua dawa au kupeleka ujumbe kwa wengine:

(a) Nani anasema, na anapata nini nikimwamini?

(b) Amejuaje? Amepima, au amesikia? Kama amepima, ni watu wangapi, na amelinganisha na akina nani?

(c) Watu wengine wamepima wakapata jibu hilo hilo?

(d) Je, yuko tayari kutaja kitu ambacho kingemwonyesha kuwa amekosea? Anayesema dawa yake haijawahi kushindwa hata mara moja, tumwogope.

(e) Anasema kwa kiasi? Mtu mkweli husema "Inasaidia wengi, lakini si wote." Mwongo husema "Inaponya yote."

Maswali haya tuyaulize kwa muuza mitishamba, na tuyaulize vile vile kwa mwenye koti jeupe. Aliye na mizani nzuri hakasiriki mteja akiomba kupimiwa tena.

Tena tukumbuke mpaka wa sayansi. Inaweza kutuambia dawa fulani hupunguza vifo kwa kiasi gani; haiwezi kutuambia nani kati ya ndugu auze mbuzi ili inunuliwe, wala haiwezi kutufundisha kumpenda mgonjwa. Hayo tunayatafuta kwingine. Lakini katika mambo ya kupimika, tumsikilize aliyepima kuliko mwenye sauti kubwa.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Eleza tofauti kati ya jibu la walimu wa kwanza wa Mpemba na jibu la Dk. Osborne. Sisi huwajibuje watoto wetu wanapouliza jambo tusilolijua?

2. Taja dawa moja inayosifiwa sana katika mtaa wako. Ungeipimaje kwa njia ya Lind?

3. Kwa nini kubadili dawa ya malaria mwaka 2001 na 2006 hakukuwa udanganyifu? Serikali na wauguzi wangefanya nini zaidi ili watu waelewe?

4. Jirani yako anakataa kumpeleka mtoto kwenye chanjo. Ukiukumbuka mfano wa Maalin, utaanza kuzungumza naye vipi?

5. Juma hili, chagua ujumbe mmoja uliopokea katika simu ukisema "wanasayansi wamegundua." Upitishe katika maswali (a) mpaka (e), kisha uje uwaeleze wenzako katika jumuiya yale uliyoyaona.